BANDU BANDU HUISHA GOGO: MADENI YA NYUMBANI MBULU NA HANANG

Wahenga walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huo unatujia kila tunapotafakari hali ya ndugu zetu wakulima na wafugaji wa wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoani Manyara. Huko, kama ilivyo kwingi nchini, milango ya kukopa imekuwa mingi. Upo mkopo wa duka, upo wa simu ya mkononi, na upo ule ambao wananchi wenyewe wameubatiza jina la kausha damu. Kuingia katika milango hiyo ni kazi ya dakika chache. Kutoka ndiko kugumu.

Msomaji wetu wa Visiwani anaweza kuuliza yanamhusu nini mambo ya nyanda za juu za Bara. Tunamjibu kwamba ugonjwa ni ule ule. Mkulima wa vitunguu swaumu wa Bashay, na mwenzake wa mahindi au ngano wa Basotu, hupata fedha kwa msimu, kama apatavyo mchumaji wa karafuu wa Pemba. Lakini sabuni, dawa na madaftari ya watoto havingoji msimu. Katika pengo hilo ndimo mkopeshaji anamokaa. Wazee wetu walilijua hilo vizuri, kwani mwaka 1934 hata serikali ya kikoloni ya Zanzibar ililazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba ya karafuu yasipotee mikononi mwa wenyewe kwa sababu ya madeni.

Tuchukue mfano wa hesabu. Familia moja imekopa shilingi 200,000 kwa mkopeshaji anayetoza asilimia 20 kwa mwezi. Kila wiki, siku ya gulio, mama wa nyumba hiyo anajinyima na kupeleka shilingi 10,000. Kwa mwezi anakuwa amepeleka 40,000, ambazo ni sawasawa na riba peke yake. Baada ya miezi kumi amekwishatoa shilingi 400,000, na deni lake bado ni zile zile 200,000. Huo si uvivu wa mama huyo, wala si ujinga wake. Huo ni unyonyaji.

Sasa deni hilo hilo litozwe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya salio lililobaki. Kiwango hicho ndicho cha juu kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Mama yule yule, kwa shilingi zile zile 10,000 kwa wiki, atalimaliza deni mwezi wa sita, akiwa amelipa jumla isiyofika shilingi 225,000. Jasho ni lile lile na kujinyima ni kule kule. Tofauti ni masharti ya mkopo.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili kwa pamoja, wala hatupendi moja litumike kulificha jingine. La kwanza, deni kubwa hulipwa kwa malengo madogo. La pili, malengo madogo hayawezi kushindana na riba isiyo na huruma.

Kuhusu la kwanza, ushauri wetu ni mwepesi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na deni ni vivyo hivyo. Kila nyumba iandike inadaiwa na nani, kiasi gani, na kwa riba gani. Kisha ichague deni moja linalouma kuliko mengine, na kulipangia kiasi kidogo kinachowezekana, siku yake ikijulikana. Lengo la "tutalipa tukivuna" si lengo, ni matumaini tu. Lengo la "shilingi 10,000 kila siku ya gulio, na mbuzi mmoja auzwe mnadani kabla ya Januari ya sare za shule" ndilo lengo, kwa sababu mwisho wa wiki mtu anaweza kujiuliza kama amelitimiza au la. Baba na mama wakae pamoja katika hesabu hiyo, maana mkopo wa siri ndio unaozaa mkopo wa pili wa kuulipa ule wa kwanza. Mwalimu Nyerere alitukumbusha mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Maneno hayo yaliihusu nchi, lakini yanatosha pia kwa chungu cha nyumbani.

Mashahidi nao husaidia. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo mfano wake ulianza nchini Niger mwaka 1991 na kufika katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani hapa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000, vimejengwa juu ya msingi huo. Mwanachama hununua hisa ndogo mbele ya wenzake, fedha huhesabiwa hadharani na kufungiwa katika sanduku la makufuli matatu, na riba inayotozwa hurudi kwa wanachama wenyewe siku ya kugawana. Anayeona aibu kuikosa hisa yake mbele ya jirani amekwishapata nusu ya nidhamu anayoihitaji.

Wapo watakaosema kwamba maskini hana cha kupangia bajeti. Hoja hiyo tunaiheshimu, na mfano wake upo Hanang kwenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Hakuna daftari linaloweza kuzuia mlima. Lakini mkataba wa mkopo haujui tope; duka likifukiwa, deni lake hubaki juu ya ardhi. Ndiyo maana kikundi chenye mfuko wa jamii wa kuwafaa wanachama wakati wa maafa ni bora kuliko mkopeshaji ambaye hana analolijua ila tarehe ya marejesho.

Hapo ndipo tunapowageukia viongozi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua hizo tunazipongeza, ila sheria iliyoko Dodoma na Dar es Salaam inapaswa ifike pia mnadani Haydom. Mkataba usomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kabla kidole gumba hakijawekwa wino. Marejesho ya mkulima yafuate mavuno yake, si mshahara wa mwisho wa mwezi ambao hana. Na mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, iwafikie wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waliokusudiwa, siyo vikundi vya mkoba vinavyozaliwa siku ya kugawa fedha na kufa siku ya kurejesha.

Gogo la deni halikatwi kwa pigo moja. Mwananchi wa Mbulu, wa Hanang na wa Pemba yuko tayari kulibandua kidogo kidogo kila wiki. Wajibu wa Serikali ni kuhakikisha kwamba gogo hilo haliongezwi unene usiku, yeye akiwa amelala.