Chupa ya kioo ya mtoto ikikwaruzwa

Wazazi wengi wanaoacha plastiki hununua chupa ya kioo wakitarajia hata mtoto wa pili ataitumia. Inawezekana, ila maji na kioo si marafiki kama tunavyodhani.

Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi. Ndiyo, magadi, ndugu wa yale ya kulainishia maharage. Husaidia mchanga kuyeyuka kwa moto mdogo zaidi, lakini pia huyapa maji njia: polepole sana maji hupenya juu juu na sodiamu ya magadi hutoka. Kinachotoka ni kidogo mno, hakimdhuru mtoto.

Kinachonitia wasiwasi ni mkwaruzo. Kijiko cha chuma kikiacha alama, maji, hata unyevu wa hewani, hufika kwenye ncha ya ufa na kukata vifungo vinavyoshikilia kioo. Kioo kikielemewa, ufa hurefuka usiuone. Ndiyo maana chupa iliyoanguka juzi ikabaki nzima huweza kupasuka leo ukiimiminia maji ya moto, tukasema ni jicho la jirani. Kioo cha borosilikati huvumilia joto zaidi, lakini nacho hukwaruzika.

Chupa ikiwa na ukungu, iloweke kwenye siki kisha isuuze vizuri. Ukungu ukitoka, yalikuwa mabaki ya maji ya chumvichumvi. Usipotoka, kioo chenyewe kimelika.

Kabla ya kuweka maziwa, inua chupa kwenye mwanga, pitisha ukucha mdomoni mwake. Ukikwama, itupe, hata kama haivuji.