Huduma kwa Mwaliko

Kengele inagongwa, wageni wanatambulishwa, kisha sajenti wa klabu anapita mezani akitoza faini za utani: huyu kachelewa, yule picha yake imetoka gazetini na hakuwaambia wenzake. Ndivyo ilivyo mikutano mingi ya Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za huduma, Kampala kama Dar es Salaam. Vicheko vikiisha watu wanakula, aghalabu hotelini, na kila mtu anajilipia.

Chakula hicho ndicho chujio. Mtu huingia klabuni kwa kualikwa, lakini hata aliyealikwa lazima apige hesabu: ada ya mwaka, bili ya hoteli na michango isiyokwisha. Wakili wa kampuni kubwa hashtuki. Muuguzi wa zahanati ya serikali, anayekijua kijiji ambacho watoto hawajachanjwa, atatoa udhuru wa heshima, na wenzake watadhani hana muda.

Kuchagua nani aingie si jambo jipya. Paul Harris, wakili wa Chicago, alipokutana na wenzake watatu mwaka 1905, nia ilikuwa urafiki na kupeana biashara, huduma ilifuata. Nairobi ilipata klabu mwaka 1930, Dar es Salaam mwaka 1949, zote enzi za ukoloni. Wanawake walibaki nje. Klabu ya Duarte, California, ilipowaingiza ikafukuzwa, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako Rotary ilishindwa mwaka 1987. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wake duniani.

Hata hivyo, anayeiita Rotary kijiwe cha wakubwa aangalie kwanza habari ya polio. Kampeni yake ilianza mwaka 1985, na Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kutokomeza virusi vya asili vya ugonjwa huo. Rotary imetoa zaidi ya dola bilioni 2, lakini Nigeria, iliyokuwa ya mwisho barani, haikuokolewa na fedha peke yake. Huko kamati ya Rotary ya polio iliongozwa na Tunji Funsho, daktari wa moyo, mtu ambaye neno lake kuhusu chanjo lilikuwa na uzito mbele ya wanasiasa na viongozi wa dini.

Kutoa fedha hakuhitaji uanachama. Nchini Uganda, mbio za saratani za Rotary zilizoanza mwaka 2012 huwapokea wote: mtu ananunua fulana, anakimbia, na pesa inasaidia huduma za saratani katika hospitali ya Nsambya. Kinachoweza kuhalalisha kujiunga ni ujuzi: mhasibu akague hesabu za mradi wa maji, mhandisi aseme pampu ile haitafika masika.

Ndiyo maana hasara ya chujio la hoteli inaangukia klabu yenyewe. Tangu mwaka 2016 klabu zimepewa uhuru mkubwa wa kupanga mikutano yao. Chai ya rangi na maandazi katika ukumbi wa shule havivunji kanuni yoyote. Naye aliyealikwa, kabla ya kujaza fomu, amuulize mweka hazina gharama yote ya mwaka ni kiasi gani, chakula kikiwemo, kisha amuulize rais wa klabu ni mradi gani unaosubiri mtu wa taaluma yake.