Kabla ya kupunguzwa tumbo, hesabu miaka wala si kilo

Msomaji, iwapo wewe ni mnene kupindukia na unafikiria kupasuliwa ili upunguze uzani, bila shaka umekwisha kupata ushauri wa aina mbili. Wa kwanza hutoka kwa jamaa na marafiki wanaodai kwamba upasuaji huo ni njia ya mkato ya wavivu wasioweza kujizuia mbele ya chakula. Wa pili hutoka kwa matangazo yenye picha mbili za mtu yule yule, kwanza akiwa mnene na mwenye huzuni, kisha akiwa mwembamba na mwenye tabasamu. Mimi ni daktari wa kawaida ambaye huwapokea wagonjwa hawa kabla hawajamwona mpasuaji na tena baada ya kutoka kwake. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinakupotosha.

Tuanze na hao wanaokuita mvivu. Unene wa kupindukia ni maradhi, na mwili ulionenepa huupigania uzani wake. Ukijinyima chakula, mwili hupunguza nguvu unazotumia na kuzidisha njaa. Mwaka wa 1999, watafiti nchini Japani waligundua homoni iitwayo ghrelini ambayo hutengenezwa kwa wingi katika mfuko wa chakula na ambayo huchochea njaa. Mtu anapopungua kwa kujinyima, homoni hiyo huongezeka. Ndiyo sababu wengi hupunguza kilo kumi baada ya Mwaka Mpya, na kufikia Krismasi wamezirudisha zote na nyingine juu yake.

Tatizo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya kila watatu nchini Kenya, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzani uliozidi kiasi. Mijini hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko mashambani. Mtu wa aina hii huja kwetu akilalamika magoti. Ukimpima, unapata kisukari au shinikizo la damu. Ukimuuliza mkewe au mumewe, unaambiwa kwamba usiku hukoroma na pumzi hukatika. Kwenye matatu huombwa alipie viti viwili, na abiria hucheka. Hata hivyo, akifika nyumbani kwao huambiwa kwamba kitambi ni dalili ya mambo kumwendea vyema!

Kwa mgonjwa kama huyo, upasuaji una manufaa makubwa. Kwa miaka mingi kanuni imekuwa kwamba anayefaa ni yule ambaye uzani wake kwa kilo, ukigawanywa kwa kimo chake kwa mita mara mbili, unafika 40, au 35 ikiwa tayari ana ugonjwa kama kisukari. Mwenye kimo cha mita 1.6 hufikia 40 akiwa na kilo 102 hivi. Mnamo mwaka wa 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vililegeza masharti hayo.

Njia mbili ndizo zinazotumika sana. Katika ya kwanza, mpasuaji hukata na kuondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula, na kipande hicho hakirudishwi tena. Katika ya pili, hutengeneza kifuko kidogo kiasi cha yai na kukiunganisha na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu ya kwanza ya utumbo huo. Nchini Uswidi, watu zaidi ya 4,000 walifuatwa kwa miaka mingi, nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa waliofariki ni 101, ilhali wasiopasuliwa ni 129. Kisukari nacho hupungua haraka mno, kiasi kwamba dawa zisipopunguzwa mapema, sukari huweza kushuka na kumtia mgonjwa hatarini. Kwa hivyo, anayekuita mvivu hajui asemalo.

Sasa tugeukie matangazo. Picha ya pili aghalabu hupigwa mwaka mmoja au miwili baada ya upasuaji, kilo zikiwa chini kabisa na kila mtu akipongeza. Kisichoonyeshwa ni maisha yanayofuata, na hayo ndiyo marefu.

Wiki za kwanza mgonjwa hunywa supu iliyochujwa na maziwa yasiyo na mafuta, kidogo kidogo. Baadaye hula vijiko vichache vya mayai, samaki au ndengu zilizopondwa, akitanguliza protini. Chapati na ugali humkwama. Soda na chai yenye sukari nyingi huweza kumfanya atokwe na jasho, moyo umwende mbio na tumbo lisokote. Katika mwezi wa tatu au wa nne nywele huanza kung'oka, ingawa kwa kawaida huota tena. Ngozi ya tumbo na mikono hulegea. Kileo humlevya upesi kuliko zamani, na wako waliogeuka walevi baada ya kuacha kula sana.

Lililo zito zaidi ni vitamini. Baada ya upasuaji huu mwili haupati tena madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na vitamini B12 kama ilivyokuwa, na mgonjwa hana budi kumeza tembe maisha yake yote. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kutosha kwa miaka kadhaa. Mgonjwa akiacha tembe leo, kesho hujiona mzima, na hata mwaka ujao hujiona mzima. Kisha siku moja nyayo zinaingia ganzi, anachoka ovyo, na anasahau mambo. Akichelewa kutibiwa, neva zilizoharibika huenda zisipone. Aidha, anayetapika mfululizo katika miezi ya mwanzo anaweza kuishiwa na vitamini B1 kwa wiki chache tu na kuathirika ubongo. Huyo asisubiri siku yake ya kliniki.

Akina mama wana jambo la ziada. Uzani ukishuka, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, hata kwa aliyekuwa amekata tamaa. Inashauriwa mimba isubiri kati ya miezi 12 na 18, na tembe za kupanga uzazi huenda zisitegemeke baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo. Halikadhalika, dawa za maumivu kama vile ibuprofeni, ambazo sisi hununua dukani kama peremende, zinaweza kumletea mgonjwa huyo vidonda vya tumbo.

Isitoshe kuna majirani. Katika nchi ambayo kukonda ghafla kumehusishwa na ukimwi kwa miaka mingi, aliyepungua kilo 40 atanong'onezewa sokoni na kanisani. Kwenye harusi ataonekana amedharau chakula cha wenyewe. Nimewaona walioanza kula kupita kiasi tena kwa sababu ya kuogopa maneno tu. Kwa hivyo jamaa za mgonjwa wanapaswa kuelezwa mapema, nao waache kumpakulia kwa nguvu.

Kwa maoni yangu, hospitali isiyo na mpango wa kumfuatilia mgonjwa haifai kumpasua. Bei unayotajiwa mara nyingi ni ya siku ya kisu. Dai upewe hesabu nzima: tembe za kila mwezi, vipimo vya damu mara kadhaa katika mwaka wa kwanza na kila mwaka baada ya hapo, pamoja na kumwona mtaalamu wa lishe. Uliza bima yako italipia kipi, nawe upate jibu kwa maandishi. Uliza mpasuaji amefanya kazi hii mara ngapi, na ni nani atakayepokea simu yako saa nane za usiku mshono ukivuja. Omba barua ya kumpa daktari wako wa mtaani, inayoeleza ulifanyiwa upasuaji gani, kwa kuwa yeye ndiye atakayekutibu homa na kuhara kwa miaka ishirini ijayo.

Ukipata majibu ya kuridhisha, na ukiona mfuko wako utaweza kununua tembe hizo hata mwaka wa kumi, basi nenda ukapasuliwe bila aibu. Lakini ikiwa pesa ulizochanga zinatosha siku ya upasuaji pekee, ngoja kwanza. Endelea kutibiwa kisukari na shinikizo lako kwa dawa, punguza sukari na mafuta, tembea kila siku, nawe uendelee kuweka akiba. Usikopeshe mwili wako kwa deni ambalo hutaweza kulilipa.