Mama Bado Yu Hai

Mvulana mmoja alipojiandikisha kwa Kipaimara aliacha wazi mahali pa jina la mama. «Alikufa,» akasema. Mama huyo anauza samaki sokoni. Juma lile lile nilinunua kwake.

Nani alimfundisha kumzika aliye hai? Baba, na ukoo uliosema: mahari ililipwa, watoto ni wetu. Lakini mahari hainunui moyo wa mtoto! Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia (2016), aliwaonya wazazi waliotengana wasimfanye mtoto mateka. Sisi twamteka, kisha twaita hayo malezi. (Wako akina mama watendao vivyo hivyo, nakiri.)

Amri ya nne haikuwekewa sharti la ndoa kudumu. Karatasi yake ingali mezani kwangu. Sitaipokea bila jina hilo.