Serikali ya Umoja Zanzibar: Majibu kwa Wanaotaka Ifutwe

Kila uchaguzi wa Zanzibar ukimalizika kwa uchungu, hoja ya kuifuta Serikali ya Umoja wa Kitaifa hurudi mabarazani. Hutoka pande zote mbili: wana CCM wanaoona wamelazimishwa kugawa walichokishinda, na wapinzani wanaoona viongozi wao wameingizwa ndani ili wanyamazishwe. Watu hawa hawakubaliani katika jambo jingine lolote, kwa hiyo hoja zao zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine.

“Aliyeshinda atawale, ndiyo demokrasia.” Visiwani tumeijaribu dawa hiyo. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha ASP kilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wale watatu wakagawanyika, na Baraza likawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na fujo zake zikaua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, ikabaki nje ya serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, na serikali ile haikufikisha wiki tano, ikapinduliwa. Sisemi kwamba Mapinduzi yalizaliwa na hesabu ya viti peke yake. Ardhi, utumwa na ubaguzi vina sehemu yake kubwa. Nasema serikali iliyoiacha nje zaidi ya nusu ya wapiga kura haikuwa na wa kuitetea ilipotikiswa. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tofauti ya asilimia 0.4 ikampa mmoja kila kitu kwa miaka mitano.

“Ni kugawana ulaji tu, mwananchi hapati kitu.” Ulaji upo, nani atabisha? Wizara hugawanywa kwa uwiano wa viti vya Baraza la Wawakilishi, na mawaziri ni mawaziri. Lakini muulizeni Mpemba aliyekuwa mtu mzima miaka ya tisini. Watu walisusiana madukani, kwenye magari, hadi mazikoni. Januari 2001 maandamano yalizimwa kwa risasi, wakafa watu wasiopungua 20, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa CCM na CUF wa 1999 na wa 2001 ulitiwa saini, mambo yakabaki yalivyo. Kilichobadilisha hali ni maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif, kisha kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein wa CCM alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif. Mwanya ule ule mwembamba wa 1995, ila mara hii Maalim aliyakubali matokeo na hakuna aliyekimbilia Shimoni. Aliyeshindwa alijua kesho yake ana kiti serikalini, na waliompigia kura walijua hivyo pia.

“Ilikufa 2015, kwa hiyo haifai.” Hii ndiyo hoja nzito, na ndiyo inayopotosha zaidi. Tarehe 28 Oktoba 2015, matokeo ya majimbo kadhaa yakiwa yameshatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kufuta uchaguzi wote. Wa marudio ulifanyika Machi 2016, CUF ikasusia, na Shein akapata asilimia 91.4. Kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kikakaa bila mtu mpaka Desemba 2020. Sasa hapo kilichovunjika ni kipi? Refa akivunja mechi, hatuwalaumu wachezaji kwa kucheza pamoja. Serikali ya umoja humpunguzia aliyeshindwa hasara. Haiwezi kuhesabu kura kwa niaba ya Tume. Aliyeitaka ifanye kazi zote mbili aliidai kisichokuwa chake.

Na kusimama si kufa. Ireland ya Kaskazini ilitia saini mkataba wake wa kugawana madaraka Aprili 1998. Serikali yake ilivunjika 2002 ikarudi 2007, ikavunjika 2017 ikarudi 2020, ikavunjika tena 2022 ikarudi Februari 2024. Mei 2007 Ian Paisley, mchungaji aliyetumia miongo akiapa kutokaa na watu wa kundi la wapiganaji la IRA, aliongoza serikali pamoja na Martin McGuinness, aliyewahi kuwa kamanda wa IRA. Wangeizika 2002, siku hiyo isingefika.

“Inaua upinzani.” Hapa walalamikaji wana haki nusu. Mwaka 2020 Maalim Seif alitangazwa kupata asilimia 19.87, akayakataa matokeo, kisha Desemba akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Wapo wafuasi wake ambao hawajalisahau hilo. Kikatiba Makamu wa Kwanza ni mshauri: Rais anaweza kumsikiliza, anaweza asimsikilize. Belfast, Ireland ya Kaskazini, viongozi wawili wa serikali wana madaraka sawa, na mmoja akijiuzulu mwenzake naye hana kiti. Tena tangu 2016 sheria yao inaruhusu chama kukataa mawaziri na kuwa upinzani rasmi wenye haki zake bungeni. Kasoro hiyo basi iko kwenye cheo chenyewe, na cheo hurekebishwa kwa kupewa meno.

“Inahatarisha Muungano.” Hii haihitaji hata jibu refu. Ulinzi, mambo ya nje, uraia na polisi vilikuwa mambo ya Muungano kabla ya 2010 na vimebaki hivyo. Kinachouumiza Muungano mbele ya Wazanzibari ni askari wanaomiminwa visiwani kila uchaguzi.

Kwa hiyo Wawakilishi wa pande zote wana kazi mbili kabla ya uchaguzi wa 2030: kuipata Tume ambayo hata aliyeshindwa ataiamini, na kuandika kwenye Katiba madaraka ambayo Makamu wa Kwanza anayatumia bila kuomba. Wananchi walishapiga kura yao 2010. Waheshimiwa, leteni muswada.