Uchungu wa Mubilizi na Umri wa Chupa

Miongoni mwa mimea inayojulikana sana Buhaya, kuanzia Kahororo mjini Bukoba hadi vijiji vya Muleba, umo mubilizi, ambao wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Majani yake hutwangwa au kuchemshwa, na maji yake hunywewa kwa homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Wengi huuliza swali moja tu: je, mti huu unaponya? Swali hilo ni halali. Lakini liko la pili linalosahauliwa, na bila hilo jibu la kwanza halina maana: kilichokuwamo katika jani lililochumwa asubuhi kimesalia kiasi gani katika chupa iliyokaa dukani miezi mitatu?

Uchungu wa mubilizi si hadithi. Mwaka 1989 Michael Huffman na Mohamedi Seifu walichapisha habari za sokwe mgonjwa wa Mahale, Kigoma, aliyetafuna moyo wa kijiti cha mti huohuo na kuacha majani na maganda. Baadaye wanakemia walitenga katika mti huo misombo ya namna mbili: laktoni chungu, kama vernodalini, iliyo nyingi majanini na yenye sumu ikizidi, na glukosidi zinazoitwa vernoniosidi. Zote mbili zina udhaifu wake. Pete ya laktoni hufunguliwa na alkali; kwa hiyo mwenye kutia magadi chunguni huenda akanywa kitu kingine kabisa. Glukosidi nazo zaweza kukatwa sukari zake na vimeng'enya vya mmea wenyewe, ambavyo haviachi kazi maadamu jani lina unyevu.

Si kila msombo ulio dhaifu hivyo. Wahaya huchemsha buni mbichi za robusta pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kumkaribisha mgeni azitafune. Kafeini hustahimili yote hayo, hata moto wa kukaangia. Artemisinini, kwa upande mwingine, ilikaribia kupotea mikononi mwa watafiti. Katika China ya mwaka 1971, Tu Youyou na wenzake walipata matokeo yasiyotulia mpaka walipoacha joto kali na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu za Sentigredi. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Laiti wangaliridhika na sufuria ya kwanza, mmea ule ungaliandikwa kuwa haufai kitu.

Kwa sababu hiyo haifai kumcheka mganga anayekataa kutumia majani ya juzi. Anayestahili kuulizwa maswali magumu ni muuzaji wa chupa isiyo na tarehe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusimamia kazi hiyo, na Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, wataalamu hawakosekani. Dawa za viwandani zinazokusudiwa nchi za joto huwekwa kwenye nyuzi 30, katika unyevu wa asilimia 65 au 75, na kupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Chupa ya mubilizi haina sababu ya kusamehewa kipimo hicho, hasa Bukoba, ambako mvua huzidi milimita 1,800 kwa mwaka na jani lililoanikwa laweza kuota ukungu kabla ya kukauka. Mtoto mwenye homa akinyweshwa maji yaliyokwisha nguvu, siku mbili za kumfikisha zahanati akapimwe malaria hupotea bure.

Pa kuanzia ni padogo: majani ya mti mmoja, yaliyochumwa siku moja, sehemu ikaushwe kivulini, sehemu juani, sehemu ichemshwe na kutiwa chupani, kisha vernodalini ipimwe katika kila sehemu siku ya kwanza, ya thelathini na ya tisini.