Mpeleke Mwanao Akaone Kabla Hajachagua

Watu wa Tabora wamerithi njia. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi, na katika karne ya 19 karibu kila kitu kilichopita humo kilichukuliwa na mwanadamu. Mpagazi wa Kinyamwezi alitwaa mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, akaenda nao miezi mitatu hivi toka pwani hadi Tabora. Nguo na shanga zilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Na watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo katika minyororo. Mpagazi alijua visima, majira na lugha za watu wa njiani, lakini ujira wake ulipimwa kwa nguvu ya bega lake.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wenyeji walichimba matuta na kutandika mataruma. Lakini waliopima mteremko, waliochora madaraja na kuhesabu uzito wa gari la moshi walikuwa Wajerumani. Basi mzigo wa begani uliondoka, likaja jembe na sururu, na elimu ya kazi ile ikabaki mikononi mwa wageni.

Sasa yaja reli nyingine. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa toka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, na ule wa Tabora hadi Kigoma mwaka 2022. Yatupasa tujiulize: katika kazi za namna hii, watoto wetu watashika nini mkononi?

Wazazi wengi hudhani jibu hupatikana siku kijana anapoomba kazi. Sivyo. Hupatikana mapema zaidi, katika siku mtoto anapochagua masomo yake ya sekondari. Njia kuu ya kuingia chuo kikuu kusomea uhandisi hupitia Fizikia na Hisabati. Mtoto akiziacha kwa sababu rafiki yake amemwambia ni ngumu, au kwa sababu hajapata kuona zinafanya kazi gani, hujifungia mlango bila kujua kwamba ulikuwapo. Wala mzazi hana la kumwambia, maana naye hajauona.

Ndiyo sababu twasihi siku ambazo vyuo huwakaribisha watu wote zisipuuzwe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973. Kabla ya hapo vijana wetu walikwenda Nairobi kuisomea elimu hiyo. Baadaye kitivo kile kikawa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia. Chuo hicho huwa na Wiki ya Utafiti na Ubunifu, ambamo walimu na wanafunzi huonyesha kazi zao. Si sherehe ya wakubwa peke yao.

Mtu ataona nini katika karakana za uhandisi? Mathalan, ataona mchemraba wa zege wenye sentimita 15 kila upande, uliohifadhiwa majini siku 28, ukitiwa katika mashine ya kukandamiza mpaka uvunjike. Michemraba miwili yaweza kufanana kwa macho, na mmoja ukavunjika mapema kwa kuwa ulizidishiwa maji wakati wa kuchanganya. Maji yaliyozidi, yakiisha kutoka, huacha vitundu ndani ya zege, na vitundu ni udhaifu. Baba aliyejenga nyumba atalielewa jambo hilo papo hapo, na mtoto atajua kwamba hesabu za darasani ndizo zinazoizuia dari isituangukie.

Wala mabinti wasiachwe nyumbani. Mwaka 1951 chuo cha Waislamu cha Mombasa, MIOME, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Kilijengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa za Mabohora na serikali, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wafundishwe ufundi. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, nacho hupokea watu wa dini zote, wake kwa waume. Basi asitokee wa kusema kwamba elimu hii haituhusu, au kwamba haimhusu binti.

Tena binti anahusika kuliko wote. Mpagazi alitua mzigo wake zamani, lakini ndoo ilibaki kichwani mwa binti. Mwaka 2021 ulizinduliwa mradi uliofikisha maji ya Ziwa Victoria mjini Tabora. Ziwa lile liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Tabora iko mita 1,200 hivi. Kwa hiyo maji hayaji yenyewe: ni lazima yasukumwe kwa pampu, yapande, na bomba lihimili nguvu hiyo. Aliyepiga hesabu hizo ndiye aliyemtua binti ndoo. Kwa nini kesho asiwe binti mwenyewe?

Asiyeweza nauli ya Dar es Salaam asikate tamaa. Tabora mjini kipo chuo cha reli. Walimu wa skuli na wa madrasa waandike barua kuomba ruhusa ya kuwapeleka watoto. Mwezi wa Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane. Huko mzazi asitosheke na kutazama mashine. Amtake mtoto amwulize aliye mbele ya meza mambo matatu: ulisoma masomo gani, ulianza lini kuyachagua, na ni lipi lililokushinda kwanza ukalirudia?

Mwenye mtoto ambaye hajachagua masomo bado ana nafasi. Aitumie mwaka huu.